Kingo Zilizotoka Maposeni

Kipande kimoja tu ndicho kilichokuwa kimetoka kwenye mstari. Fausta alikiona asubuhi, ukungu wa mwezi wa sita ukiwa bado umelala juu ya mtaa wa Msamala, akifagia uwanja huku vidole vya miguu vikimuuma kwa baridi. Kingo za bustani zilikuwa zimekaa kama kawaida, zege jeupe lenye kichwa cha mawimbi, kipande kimegusana na kipande, zikilizunguka duara la mawaridi mbele ya baraza. Ila hicho kimoja kilikuwa kimegeuka na kutazama mlango wa nyumba, kama jino lililoota vibaya.

Akainama kukirudisha. Kilikuwa na joto. Fagio lilikuwa na umande, ndoo ilikuwa na umande, hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa inadondosha maji. Zege lile lilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa muda mfupi uliopita.

"Nani kagusa hapo?"

Mumewe, Joachim, alikuwa amesimama barazani na mswaki mdomoni.

"Nimekikuta hivi, Baba Careen."

"Umekikuta hivi. Kimetembea?" Akatema povu, lakini alihakikisha halianguki kwenye maua. "Mwambie mwanao asikanyage bustani yangu. Na wewe, ukifagia, tumia macho."

Fausta akainama tena akaendelea kufagia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hasira yake ilikuwa na kawaida ya kushuka tumboni na kukaa huko, na kwa miaka ya ndoa yake ilikuwa imejipatia nafasi ya kutosha.

Tangu Joachim alete kingo zile, uwanja wao ulikuwa na mipaka mingi kuliko wilaya. Hapa majani, hapa mawaridi, hapa njia ya wageni, na pale palipomwagwa kokoto ndipo pa kuegesha gari, ingawa gari lenyewe hawakuwa nalo. Joachim alikuwa muuzaji kwenye duka la pembejeo mjini, na wateja wenye nyumba nzuri ndio waliomtia ugonjwa huo. Alisema alizinunua kwa fundi mmoja njia ya Peramiho. Mgeni akivuka ukingo badala ya kuzunguka, alirudishwa getini aanze upya.

"Mama Careen," jirani yao Hilda alipenda kuita akiwa nje, "leo napita njia ipi? Au nimsubiri trafiki?"

Wote wawili walicheka, lakini kwa sauti ndogo, maana Joachim alikuwa na masikio.

Siku zilizofuata vipande vingine vikaanza kutoka kwenye mstari. Havikutoka ovyo. Duara la mawaridi lilibonyea kidogo pembeni, likawa kama yai. Joachim akalirudisha kwa nyundo na kamba ya kupimia, akimfokea mkewe, akimfokea mtoto, akiwafokea mbwa wa mtaani ambao hata hawakuwepo. Kesho yake likawa yai tena, refu zaidi.

Halafu ikaja harufu. Fausta aliipata mchana, jua likiwa kali, akiwa anachagua mchele barazani. Kwanza ilikuwa harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao hutoka mtu akichimba kisima. Nyuma yake ikafuata harufu ya ugoro. Akapiga chafya. Hakuna mtu aliyetumia ugoro mtaani kwao, na mtu pekee aliyewahi kumjua akiutumia alikuwa mama mkwe wake, Mama Walburga wa kijiji cha Maposeni, ambaye alikuwa kaburini tangu mwaka juzi.

Na akiwa amekaa na ungo mapajani, akasikia. Kwaruuu. Zege likikwaruza ardhi, taratibu, kama mtu anayeburuta kiti kizito huku akijitahidi asiamshe watu. Kimya. Kwaruuu. Alitazama bustanini na hakuona chochote kikisogea, lakini kila alipopepesa macho ilikuwa kama kingo zile zimesogea wakati huohuo, na akijilazimisha kukodoa macho bila kupepesa mpaka machozi yakatoka, sauti ilinyamaza, ikamsubiri.

Akainuka amchukue mtoto.

Careen alikuwa ndani ya bustani. Alikuwa amelala chali katikati, miguu imebanwa pamoja, mikono imewekwa kifuani mmoja juu ya mwingine jinsi ambavyo hakuna mtoto wa umri wake hulala. Mawaridi yalikuwa yameng'olewa na kupangwa kando vizuri, kama mtu anayetoa vyombo chumbani ili apate pa kutandika.

"Careen! Inuka hapo!"

"Subiri, mama," mtoto alisema bila kufungua macho. "Bibi ananipima."

Fausta alimnyakua. Hakukumbuka alivukaje ukingo. Alichokumbuka ni kwamba alipofika barazani aligeuka, na bustani haikuwa duara wala yai. Ilikuwa na pembe zilizonyooka. Ilikuwa ndefu na nyembamba, na urefu wake ulikuwa wa mtoto.

Hilda ndiye aliyesema neno lenyewe, na alilisema akiwa ameshika mdomo wake kwa kanga. "Hilo ni jini, Mama Careen. Mume wako kaleta jini kwenye simenti. Kuna watu wanatengeneza vitu hivi usiku makaburini, hujui?"

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisiseme? Nikinyamaza litaondoka?" Akachungulia uwanjani, akashusha sauti. "Kuna mtaalamu mmoja, Ibra, mtu wa Nalasi. Yupo mjini kwa ndugu yake. Mumeo akiwa kazini nitamleta."

Fausta alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na kuita mganga kulimtia haya. Lakini mtoto wake alikuwa amepimwa. Akakubali.

Ibra alikuja kesho yake asubuhi kwa bodaboda, mtu mnene wa makamo, koti limembana, mkoba wa ngozi begani. Alianza kwa maneno ya kazi yake, akamtaja Mungu na Mtume, akachoma ubani kwenye kigae, akazunguka uwanja akiuliza maswali kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea kutazamwa. Hilda alikuwa nyuma yake akiitikia hata yasiyohitaji kuitikiwa. Ibra akafika kwenye bustani ya mawaridi. Akapiga goti, akaingiza vidole chini ya kipande kimoja cha ukingo, akakigeuza.

Upande wa ndani, ule uliokuwa umefichwa na udongo, kulikuwa na alama ya kiganja cha mtu. Kilikandamizwa zege likiwa bichi. Akageuza kingine. Kiganja. Kingine. Kiganja kidogo, cha mtoto. Kila kipande kilikuwa na mkono wake.

"Hivi vitu mlivitoa wapi?"

"Mume wangu alinunua," Fausta alisema.

"Hakununua." Ibra akageuza kipande kilichokuwa upande wa kichwani, na hapo hata yeye akajivuta nyuma. Zege lile lilikuwa limekauka siku nyingi, gumu kama jiwe, lakini kiganja kilichokuwa juu yake kilikuwa kibichi. Kilikuwa kinang'aa kwa maji. Kilikuwa na vidole vinne tu. Cha pete hakikuwepo.

Fausta aliujua mkono ule. Ulimpokea siku alipoolewa. Kidole kile kilichukuliwa na mashine ya kukoboa mahindi pale Maposeni, na mwenyewe alikuwa akisema kwa kicheko kwamba mashine imekula pete yake ikashindwa kuitapika.

"Mama mkwe," alisema.

Ibra akafunga mkoba wake. Hakuwa tena na sauti ya kutazamwa, alikuwa na hasira ya mtu aliyeitwa kwenye kazi isiyo yake. "Sikiliza, dada. Jini nalifukuza. Nimefukuza mengi. Mama mzazi simfukuzi. Waulizeni wenye mikono hii." Hata chai aliyotengewa hakuigusa. Hilda alimkimbilia hadi kwenye bodaboda, na hakurudi.

Fausta akampigia wifi yake, Ursula, dada mkubwa wa Joachim aliyebaki nyumbani Maposeni. Walisalimiana, akauliza habari za shamba, akauliza habari za watoto, kisha kwa sauti iliyokuwa inajikwaa akauliza kama anajua habari za kingo za zege zenye viganja upande wa ndani.



"Ziko kwako?" Ursula alisema.

"Ziko hapa kwenye bustani, wifi. Baba Careen alisema..."

"Ziko kwenye *bustani*?" Sasa Ursula alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake kuku walisikika wakitawanyika. "Sisi alituambia zimeibiwa! Alikaa hapa, akala ugali wetu, akasikitika pamoja nasi, akasema wezi siku hizi hawana haya! Fausta, zile ni za kumjengea mama! Ukoo mzima tulimwaga zege lile wakati wewe uko hospitali na mtoto. Kila aliyekula kwenye chungu cha mama aliweka mkono wake, upande wa ndani, ili akilala ashikwe na watu wake. Padri akabariki. Mvua ikatuzuia kujenga, tukazifunika, tukasubiri kiangazi. Siku tulipokwenda misa Peramiho, kurudi hakuna kitu. Kaburi limezama, wifi. Mbuzi wanapita juu yake. Kila siku nawafukuza mbuzi juu ya mama yangu!"

Fausta alikuwa anakumbuka. Pale Maposeni, kwa desturi ya ukoo ule, ukifika unapitia kwanza kaburini na kumsalimia mama kama vile amekaa pale kwenye mkeka, ndipo uingie ndani. Mara ya mwisho walipokwenda, Joachim alipita moja kwa moja hadi jikoni. Fausta alidhani ni uchungu.

Hasira iliyokuwa tumboni mwake siku zote ikasimama.

Joachim alirudi jua likiwa bado juu ya paa. Alimkuta mkewe amesimama kwenye njia ya wageni na jembe mkononi, na vipande vichache vya kingo vikiwa vimeshang'olewa na kulazwa kando.

"Una wazimu?"

"Hizi ni za mama."

Akasimama. Kwa kitambo kifupi uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Halafu akaukunja. "Nani kakwambia? Ursula? Ursula hana kazi."

"Uliwaambia zimeibiwa."

"Zege ni zege, Fausta! Mimi ndiye niliyeleta simenti karibu yote. Kule nani angeziona? Mbuzi? Vitu vizuri vile ukavifukie porini, wakati hapa kila anayepita barabarani anasimama kutazama? Nilikuwa na mpango wa kuwatengenezea nyingine."

"Lini?"

"Usinihoji kwenye uwanja wangu!"

"Mama yako anampima mtoto wangu, Joachim!" Ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina lake tupu, na ilikuwa mara ya kwanza mtaa uisikie sauti yake; kwa Hilda dirisha lilifunguka. "Hana kwake! Mchana kweupe anampima Careen! Ulimwibia mama yako nyumba, umekaa hapa unamwagilia mawaridi!"

Joachim akainua mkono. Na mkono ukiwa bado hewani ndipo wote wawili walipoisikia. Kwaruuu.

Walitazama bustanini. Vipande ambavyo Fausta alikuwa amevilaza kando havikuwa kando tena, vilikuwa vimerudi kwenye mstari, vimesimama, na kati yao, juu ya udongo uliochimbuliwa ukawa laini kama kitanda, alikuwa amelala Careen, ambaye Fausta alikuwa amemfungia chumbani kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo ulikuwa bado umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Fausta alitupa jembe akaruka, akamshika mtoto kwapani akavuta, na mtoto hakuinuka, alikuwa mzito kama mfuko wa simenti ulionyeshewa, udongo ukiwa umeshamfika masikioni na midomo yake midogo ikitembea, ikiongea lugha ya Kingoni ambayo hakuwahi kufundishwa, kwa sauti ya bibi kizee anayegomba, na harufu ya ugoro ikapanda nene kiasi kwamba Fausta alipiga chafya huku analia huku anavuta huku anapiga kelele, "Mama, mwachie, si yeye, si yeye aliyekuibia, mama, unamjua aliyekuibia!"

Udongo ukaachia. Fausta akaanguka nyuma na mtoto juu ya kifua chake.

Careen akakohoa, akalia kilio chake mwenyewe, cha mtoto.

Mtu mwingine hapo angepiga magoti. Lakini Joachim alikuwa amekwisha kuaibishwa, na dirisha la Hilda lilikuwa wazi, na uoga wake ulipotafuta mahali pa kutokea ukatokea kwenye hasira. Akavuka ukingo. Akaupiga teke udongo. "Nimechoka na ujinga! Kaburi, eeh? Mnataka kaburi?" Akajitupa chini chali, mwanamume mzima na viatu vya kazini, mikono ameitawanya. "Haya, nimelala! Ni fupi, tazameni, hata halinitoshi! Mwambieni mama aje!"

Kwaruuu, zikasema kingo. Zote kwa pamoja.

Safari hii hazikujificha. Fausta aliziona zikitembea, zile za miguuni zikirudi nyuma na zile za ubavuni zikisogea ndani, zikigongana ko, ko, ko kama vyombo vinavyopangwa kabatini na mtu mwenye hasira, mpaka bustani ikawa ndefu kama Joachim alivyokuwa mrefu na nyembamba kama mabega yake. Yeye alikuwa bado anacheka. Alipotaka kuinuka ndipo kicheko kilipokatika. Aliinua kichwa na kichwa kikarudi. Udongo ulikuwa unamfunika bila mtu kuurusha, kutoka pembeni kuja katikati, jinsi mama anavyomvuta blanketi mtoto aliyekataa kulala, na kwenye shati lake jeupe, juu ya kifua, kukatokea alama ya tope, kiganja kipana chenye vidole vinne, na kifua kikabonyea chini yake.

"Mama Careen," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Nitoe."

"Mimi?" Fausta alimkaza mtoto kifuani. "Mimi unaniomba nini? Hata kumsalimia hukumsalimia! Ulipita mbele yake na mzigo wake mabegani kama mwizi anayepita kwa mtu asiyemjua! Msalimie mama yako, Joachim!"

Udongo ulikuwa umefika kidevuni. Ulikuwa umefika pembeni mwa mdomo. Macho yake yalitazama juu, yakatafuta mtu wa kumwonea na hayakumpata.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kwa Hilda redio ilizimwa.

Kisha kutoka chini, sauti nzito ya mwanamke mzima, isiyo na huruma hata chembe, ikaitika.

"Marahaba."

Na baada ya kitambo: "Inuka. Ukanijengee."

Waliondoka asubuhi iliyofuata, na kingo zote kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo la kukodi. Joachim alikaa nyuma na mzigo, kwenye baridi, akivizuia vipande visigongane kwa mikono yake. Maposeni hakuna aliyempokea. Ursula alisimama mlangoni amekunja mikono, akamwacha apite kaburini. Joachim akapiga magoti, akasalimia kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Hakujibiwa na yeyote, wa juu wala wa chini. Alichimba peke yake, akapanga peke yake, viganja vikiwa vimetazama ndani. Kipande cha kichwani, kile chenye vidole vinne, alikitafuta kwa muda mrefu ili akiweke mahali pake. Vyote sasa vilikuwa na mikono ya walio hai. Ule mmoja ulikuwa umefutika.

Ursula alizungumza naye baada ya misa ya kujengea kaburi, na alichosema kilikuwa kifupi. "Mama amekusamehe, nadhani. Mimi bado."

Msamala nyumba imetulia. Hakuna sauti mchana, hakuna harufu. Majani yameota kila mahali uwanjani bila mpaka, na wageni wanapita wanapotaka. Ila mbele ya baraza kuna kipande cha ardhi, kirefu kama mtu mzima na chembamba kama mabega, ambacho mvua imekipita na hakijaota hata unyasi. Joachim amehamishia mlango wake wa kuingilia nyuma, upande wa jikoni. Akiulizwa, anasema ni karibu zaidi na choo.

Careen hazunguki. Kila akitoka kwenda kucheza anasimama ukingoni mwa ile sehemu tupu, anainamisha kichwa kidogo kama mtoto aliyefundishwa vizuri, na kusema, "Shikamoo, bibi." Halafu anasubiri kidogo, anatabasamu, na kukimbia zake.

Fausta humtazama akiwa barazani na ungo mapajani. Hajawahi kumuuliza kwa nini anatabasamu.